Hajalewa, Lakini Moyo Wake Je?

Nazungumza nawe popote unapotusikiliza, ndugu msikilizaji: uko Bombambili hapa Songea unafunga duka, uko Lizaboni jikoni, uko Peramiho, Namtumbo, Mbinga au kule Madaba kwenye baridi. Sogeza kiti, ongeza sauti kidogo. Na kama baba na mama wote wapo nyumbani, waite wote wawili, maana jambo la leo linawahusu wote, ila haliwahusu kwa kiasi kimoja.

Leo tunazungumza juu ya pombe na moyo. Pombe na moyo wa mwanamume, pombe na moyo wa mwanamke.

Najua tukitaja madhara ya pombe mawazo yanakimbilia wapi. Yanakimbilia kwenye ini. Yanakimbilia kwa yule aliyelala mtaroni, kwa kijana wa bodaboda aliyeanguka usiku, kwa nyumba yenye ugomvi kila mwisho wa mwezi. Hayo yapo, na yanaumiza. Lakini jioni hii namtafuta mtu mwingine. Namtafuta baba mwenye heshima zake, anayekunywa kila jioni na kurudi nyumbani akiwa wima. Anasalimia watoto, anakula, analala, na asubuhi anawahi kazini. Mtaani wanamsifu: "Yule bwana pombe anaiweza." Namtafuta pia mama anayekunywa na wenzake Jumamosi baada ya kikao cha vikoba, chupa tatu, nne, kisha anarudi nyumbani na kupika. Hawa wawili hakuna aliyewahi kuwaona wakiyumba. Je, mioyo yao iko salama?

Natanguliza jibu, ili hata atakayeitwa nje sasa hivi aondoke nalo: kutokulewa si kipimo cha usalama wa moyo. Kichwa kinaizoea pombe. Moyo hauizoei. Tena yule anayeiweza ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu hakuna kinachomwambia "basi, inatosha". Mwenzake amelewa kwa chupa mbili na amekwenda kulala, yeye anaagiza ya tano.

Tuanze na swali dogo. Ukisema umekunywa kidogo, kidogo ni kiasi gani?

Chukua chupa kubwa ya bia, ile ya mililita 500. Tazama lebo, nyingi zimeandikwa kilevi asilimia 5 hivi. Ukikokotoa, ndani ya chupa hiyo kuna gramu 20 hivi za kilevi kitupu. Sasa sikiliza. Kwa miaka mingi wataalamu wa Marekani waliwaambia wananchi wao kwamba mwanamume anayekunywa asizidishe vipimo viwili kwa siku, na mwanamke kimoja. Kipimo chao ni gramu 14 za kilevi. Tulete hesabu hiyo kwenye chupa yetu. Mwanamume anafikia ukomo kabla hajamaliza chupa ya pili. Mwanamke anafikia ukomo kabla hajamaliza chupa ya kwanza. Chupa moja, ndugu msikilizaji! Na sisi huku mtu akiagiza moja ya moto na moja ya baridi tunasema ndiyo kwanza anaanza.

Hiyo ni bia, ambayo angalau ina lebo. Komoni inayopikwa kwa mahindi na kimea haina lebo. Kangara haina lebo. Ulanzi unagemwa masika kutoka kwenye mianzi michanga, na unachacha wenyewe: wa asubuhi ni mtamu, hata mtoto anautamani, lakini ukikaa hadi kesho yake ni kitu kingine kabisa. Jagi ni lilelile, rangi ni ileile, nguvu imebadilika. Mnywaji anahesabu majagi. Moyo unahesabu kilevi kilichomo. Gongo ndiyo usiseme, maana imekenekwa, kilevi chake ni kikali, na hakuna aliyeipima wala anayejua kilichochanganyika humo.

Kwa hiyo jambo la kwanza tulikamate: hesabu ya moyo inafuata kilevi kilichoingia mwilini. Haifuati idadi ya vikombe, wala haijali umelewa au hujalewa.

Twende kwenye jambo la pili. Pombe inaufanya nini moyo? Nitataja mambo matatu, na ningependa uyahesabu kwa vidole ili uweze kumsimulia jirani.

La kwanza ni presha. Pombe inachochea homoni zinazofanya mishipa ya damu ijibane na moyo udunde kwa nguvu zaidi. Ukinywa mara moja moja, mwili unarudi mahali pake. Ukinywa kila siku, presha inapanda na kubaki juu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika hapa Tanzania mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu mtu mmoja katika kila wanne ana presha ya juu. Wengi wao walikuwa hawajijui. Na presha haipigi hodi. Huwezi kuisikia kwa kuushika mkono wako. Mtu anaishi nayo miaka, siku moja mdomo unapinda, mkono na mguu wa upande mmoja vinalegea, na familia inaanza kuuliza nani kamtupia kitu. Mara nyingi hakuna aliyetupa. Ni kiharusi, na presha ilikuwa imetangulia siku nyingi.

Kuna jambo la kutia moyo hapa. Presha iliyopandishwa na pombe inaweza kushuka. Mtu anayekunywa sana akipunguza kwa kiasi kikubwa, ndani ya wiki chache kipimo chake huanza kuonyesha tofauti. Na anayetumia dawa za presha akiendelea kunywa kila siku, anazidhoofisha dawa zake mwenyewe. Asubuhi anameza kidonge cha kushusha, jioni anakunywa cha kupandisha.

La pili ni mapigo ya moyo. Moyo wenye afya unadunda kwa mpangilio. Pombe inaweza kuuvuruga mpangilio huo, hasa pombe nyingi inayonywewa kwa mkupuo. Mwaka 1978 madaktari wa New Jersey, Marekani, waliandika kuhusu wagonjwa waliofika hospitali mapigo yao yakiwa yamevurugika, wengi wao baada ya kunywa sana mwisho wa wiki au katika sikukuu. Wakauita ugonjwa huo "moyo wa sikukuu". Sasa fikiria sikukuu zetu. Fikiria mahindi yameuzwa, fedha imeingia mfukoni, harusi na vipaimara vimefuatana, ngoma ya lizombe inalia mpaka alfajiri. Mtu ambaye mwezi mzima hakugusa pombe anakunywa siku mbili mfululizo. Yeye hujiambia: "Mimi si mlevi, nakunywa mara moja moja." Ni kweli, si mlevi. Lakini moyo wake umepokea kwa siku mbili mzigo wa mwezi mzima.

Mapigo yakivurugika kwa namna hiyo, vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu sawasawa. Damu inatuama, inaganda, na donge dogo linaweza kusafiri hadi kwenye ubongo. Tumerudi tena kwenye kiharusi, kwa njia nyingine. Madaktari wa Australia walichapisha mwaka 2020 utafiti wao juu ya wanywaji waliokuwa na tatizo hili la mapigo. Waliokubali kuacha pombe, tatizo liliwarudia mara chache kuliko walioendelea kunywa. Ujumbe wake uko wazi: kuacha ni sehemu ya matibabu.

La tatu ni msuli wa moyo wenyewe. Moyo ni msuli, na kilevi ni sumu kwa msuli. Ukiudhuru mwaka baada ya mwaka unadhoofika, unalegea, unatanuka. Mwaka 1884 daktari mmoja katika mji wa Munich, Ujerumani, mji uliosifika kwa bia, aliwaeleza wenzake juu ya mioyo mikubwa isiyo ya kawaida aliyoiona kwa wanywaji wakubwa wa bia wa mji ule. Zingatia, ilikuwa bia, haikuwa pombe kali. Leo madaktari hutaja kiwango hiki kwa wanaume: gramu 80 za kilevi kwa siku au zaidi, kwa miaka mitano au zaidi. Unakumbuka chupa yetu ina gramu ngapi? Ishirini. Kwa hiyo ni chupa nne kubwa kila siku. Baba yule anayeiweza pombe, anayerudi nyumbani wima, huenda chupa nne kwake ni za kawaida.

Moyo ukishatanuka, dalili zinakuja polepole. Kupanda mlima uliokuwa unaupanda ukipiga mluzi, sasa unasimama mara tatu. Usiku ukilala chali unakosa pumzi, unaongeza mto wa pili, kisha wa tatu. Miguu inavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Hapo napo wengine husema amekanyaga dawa ya mtu. Ndugu yangu, miguu yote miwili ikivimba na pumzi inakata, njia ya kwanza ni hospitali. Tunayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Songea, tunayo ya misheni pale Peramiho. Ikishindikana kabisa mgonjwa hupelekwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Nauli, mahali pa kulala, mtu wa kukusindikiza, shamba linalobaki bila mtu: ukoo mzima utachangishana. Na ukiwahi na kuacha pombe kabisa, moyo huu unaweza kupata nafuu kubwa. Ukichelewa, unabaki kuomba.

Turudie kidogo kwa aliyejiunga nasi sasa hivi. Pombe inaugusa moyo kwa njia tatu: inapandisha presha, inavuruga mapigo, inadhoofisha msuli wa moyo. Na yote matatu yanaweza kumpata mtu ambaye hajawahi kuonekana amelewa.

Sasa tuje kwa mama zangu na dada zangu. Nilisema mwanzoni kwamba jambo hili haliwahusu wote kwa kiasi kimoja. Kwa nini?

Chukua kijiko kimoja cha chumvi. Kiweke kwenye sufuria kubwa ya mchuzi, kisha kingine kama hicho kwenye sufuria ndogo. Mchuzi upi utakuwa na chumvi kali? Kilevi kinasambaa kwenye maji ya mwili. Mwili wa mwanamke, kwa kawaida, una maji kidogo kuliko wa mwanamume, hata wakiwa na uzito mmoja. Kisha kuna kimeng'enya tumboni kinachoanza kukivunja kilevi kabla hakijaingia kwenye damu, na wanawake wengi wanacho kwa kiasi kidogo. Mke na mume wakinywa chupa mojamoja mezani, damu ya mke inapata kilevi kingi zaidi. Chupa ni moja, bei ni moja, lakini moyo wa mama umepokea zaidi.

Ndiyo maana madaktari wanaona msuli wa moyo wa mwanamke ukidhoofika kwa pombe kidogo kuliko ile inayomdhoofisha mwanamume. Na mwaka 2024 watafiti wa California, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 430,000. Walitazama ugonjwa wa mishipa inayolisha moyo, ule unaoleta shambulio la moyo. Wanaume waliokunywa sana walikuwa hatarini. Kwa wanawake hali ilikuwa nzito zaidi: waliokunywa vipimo vinane au zaidi kwa wiki walipata ugonjwa huo zaidi ya wanawake waliokunywa kidogo, na walioongoza ni waliokuwa wakinywa kwa mkupuo. Vipimo vinane vya kwao, kwa chupa zetu kubwa, ni kama chupa tano na nusu. Kwa wiki nzima!

Nataka niseme neno na mama anayepika pombe ya kuuza. Mama, nakuheshimu. Najua komoni imelipa ada za shule, imejenga nyumba za matofali ya kuchoma katika mkoa huu. Sikuja kukuhukumu. Lakini unaonja asubuhi kujua kama imeiva, unaonja mchana mteja akilalamika, jioni unakaribishwa kikombe na wateja hao hao. Ukiulizwa hospitali kama unakunywa, unajibu "hapana, naonja tu". Mama yangu, jumlisha hayo maonjo. Moyo wako umeyajumlisha tayari.

Na jambo lingine kwa wanawake. Shambulio la moyo tumezoea kulifikiria kama baba anayeshika kifua. Kwa mwanamke maumivu ya kifua huwapo pia, lakini mara nyingi yanakuja na mengine: uchovu usioelezeka, kichefuchefu, pumzi kukata, maumivu ya mgongo au taya. Anaambiwa ni vidonda vya tumbo, anaambiwa ni uchovu wa shamba, anapewa chai ya tangawizi. Ukiona hali hiyo imekujia ghafla, usikubali kulazwa nyumbani. Nenda hospitali.

Na kama una ujauzito, au unadhani unao, jibu ni moja tu: usinywe kabisa.

Sasa nasikia msikilizaji mmoja ananiuliza: "Mbona tuliambiwa mvinyo mwekundu ni dawa ya moyo? Mbona wanasema glasi moja inasafisha mishipa?" Swali zuri, na halikutoka hewani. Kuanzia miaka ya 1990 habari zilienea duniani kwamba Wafaransa wanakula mafuta mengi lakini hawafi sana kwa moyo, na mvinyo mwekundu ukapewa sifa. Baadaye watafiti wakachimba zaidi. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa watu zaidi ya 370,000 nchini Uingereza. Walikuta kwamba wanaokunywa kidogo wana mambo mengine mazuri: wanafanya mazoezi, wanakula mboga, hawavuti sana sigara. Ukiyaweka hayo kando, faida iliyodhaniwa ya pombe inapungua sana, na kadiri kipimo kinavyoongezeka hatari inapanda kwa kasi. Mwaka huohuo Shirikisho la Moyo Duniani likatangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kilicho kizuri kwa moyo. Mwaka uliofuata, 2023, Shirika la Afya Duniani likasema hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.

Kwa hiyo kama hunywi, usianze kwa kisingizio cha moyo. Na kama unakunywa, kila unachopunguza ni faida yako.

Basi tufanye nini? Nimalizie na mambo machache ya kutekeleza.

Kwanza, pima presha. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, huna haja ya kusubiri uumwe. Baba aende, mama aende. Daktari au muuguzi akikuuliza unakunywa kiasi gani, mwambie ukweli, mtajie chupa na majagi.

Pili, hesabu. Kwa wiki moja tu, andika kila unachokunywa, hata kwenye karatasi ya ankara. Wengi wanashtuka wakifika Jumapili.

Tatu, usilundike. Usijinyime wiki nzima ili Jumamosi ulipize. Weka siku ambazo hugusi kabisa, na siku unayokunywa kula kwanza, kunywa maji, acha mapema. Kumbuka pia kwamba kitimoto na nyama choma zenye chumvi nyingi zinaisaidia pombe kupandisha presha.

Nne, na hili nisikilize kwa makini. Kama unakunywa sana kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kidogo, usiache ghafla peke yako nyumbani. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa, na kunaweza kuua. Nenda hospitali, useme unataka kuacha. Watakusaidia uache kwa usalama.

Tano ni letu sote. Tuache kumcheka anayeagiza soda. Tuache kulipa kazi ya kulimiana kwa pombe peke yake, kana kwamba chakula hakitoshi kuwa shukrani. Serikali ilipiga marufuku viroba vya pombe kali kuanzia Machi 1, 2017, na vile vifuko vikatoka mikononi mwa watoto wetu. Lakini hakuna sheria itakayokaa nawe mezani saa nne usiku kuhesabu chupa. Hapo ni wewe, na mwenzako anayekupenda.

Kwa hiyo, baba unayeiweza pombe, na mama unayekunywa chupa zako tatu bila kuyumba, nawaomba kitu kimoja. Msijipime tena kwa kuuliza "nimelewa au sijalewa?" Jipimeni kwa kuuliza "leo nimeubebesha moyo wangu kiasi gani?" Na mama ajue kwamba kiasi kilekile kwake ni kizito zaidi. Wiki hii, nendeni pamoja mkapime presha.